Nguchiro wa Alhamisi Kuu

Malaba, Jumapili 9 Machi 2025

Ndugu yangu Emong,

Yoga noi. Umeamkaje huko Salgaa, na hao madereva wako wanakuachia nafasi ya kupumua? Sisi huku tupo. Ng'ombe wa jirani yetu Okurut amezaa, mvua inatuchezea, na sikio langu la kulia sasa limejiunga na la kushoto katika mgomo. Ukinipigia simu nasikia mtu anakaanga karanga. Basi tuendelee na karatasi, Eriaku atatubebea. Lori lake limesimama karibu na lango langu siku ya tatu leo, foleni ya mpakani imefika hadi kanisani. Anaoga kwangu, anakula kwangu, na malipo yangu ni kuibeba barua hii.

Binti yako Maurine alipita hapa Krismasi na mtoto. Wewe hukupita. Nasema tu.

Sasa habari yenyewe. Lile shimo kubwa alikochimba Baba udongo wa matofali, ambalo kila mtu alikuwa ananiambia nilifukie, limekuwa bwawa. Nimelizungushia migomba, mipera na maua ya kila rangi niliyoweza kuomba, kununua au kuiba. Ndege wamesikia habari kabla ya watu. Kwarara wanaanza kelele alfajiri (hao hata mimi nawasikia), na wiki iliyopita walishuka korongo wawili wenye taji, wakatembea kando ya maji kama wakaguzi wa shule. Emong, nilisimama na jembe mkononi nikalia. Miaka thelathini na minane nimefundisha watoto majina ya ndege kwa chaki. Sasa kila Jumamosi wanafunzi wanakuja kwangu na madaftari kuwaona wenyewe.

Najua unachotaka kusema: mbu. Nimeweka samaki wadogo, wanakula viluwiluwi vyote vya mbu. Mapera yaliyoumwa na popo hatuli, tunawaachia wenyewe. Umenifundisha vya kutosha.

Tena nina mgeni. Kuna kundi la nguchiro wanaoishi kwenye kichuguu nyuma ya choo, na mmoja wao ameamua kunizoea. Anakuja peke yake mchana kweupe, hatoroki hata nikipiga makofi. Juzi alinyoosha pua hadi kwenye kiatu changu. Nimemwita Mwenyekiti, kwa sababu anapepesuka kidogo kama mwenyekiti wetu akitoka kwenye pombe. Nafikiria kumpa yai.

Niletee mpira wa kumwagilia, mrefu. Na ujilete wewe. Umestaafu serikalini miaka mitatu sasa, bado unang'ang'ania vidonda vya madereva huko barabarani kama huna kwenu.

Dada yako,
Akwii


Salgaa, 24 Machi 2025

Dada Akwii, Mwalimu,

Nimepokea barua yako na karanga, na Eriaku ameniambia umenenepa. Usimpige, mimi ndiye nilimuuliza. Hapa kazi haipungui. Jana malori mawili yalibusiana kwenye mteremko na nimeshona watu hadi vidole vikakakamaa. Maurine anakusalimu, mtoto ameota meno manne. Mpira wa kumwagilia umo ndani ya gunia hili, mita hamsini.

Nilianza kusoma habari za korongo nikitabasamu. Nilipofika kwa huyo Mwenyekiti wako nikasimama, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi, nikasoma tena.

Akwii, mnyama wa mwituni asiyemwogopa mtu hajakuzoea. Ni mgonjwa. Nguchiro hatembei peke yake, na anayepepesuka mchana kweupe huenda ana kichaa cha mbwa. Usimkaribie. Usimpe yai wala ganda la yai. Watoto wasikanyage hapo mpaka huyo mnyama ajulikane. Akikuuma, hata akikuparuza tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo ukishaanza kuonekana hauna dawa. Mimi na wewe hatuhitaji kuambiana zaidi.

Nakujua, utasema Emong ni mwoga. Basi nakuonya mapema: nikisikia bado unamlisha, nitampigia simu afisa wa mifugo mwenyewe, aje na watu wake wafyeke hicho kichaka, wabomoe kichuguu, na hilo shimo lifukiwe. Sitanii. Bustani si kitu cha kufa nacho.

Kuja nyumbani tutaona. Kliniki haina mtu mwingine.

Mdogo wako,
Emong


Malaba, 27 Aprili 2025

Emong,

Salamu. Pasaka ilipita vizuri. Mvua imekuja yote kwa mkupuo. Ndama wa Okurut anaendelea. Mpira ulifika, asante.

Uniwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Nilichomwa na miiba kwenye dole gumba la kulia nikipogoa ua. Si kitu.

Yule nguchiro haonekani tena, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua afisa yeyote. Wanafunzi hawaji kwa sasa, nimewaambia njia ina matope. Wale korongo wamejenga kiota kwenye matete. Nawatazama kutoka dirishani, sitoki sana.

Mama Benedetta, mjane wa katekista, anakusalimu. Nilikuwa kwake juzi kumrudishia kitu chake.

Eriaku anasema wamezuiwa mpakani, karatasi za mzigo zina kasoro. Sijui hii itakufikia lini. Haina haraka.

Akwii


Salgaa, Jumanne 6 Mei 2025

Akwii,

Leo hakuna salamu. Eriaku amenipa barua yako saa mbili asubuhi, na kabla sijaketi kuandika hii nimempigia Okurut mara tatu. Wakati unaposoma, natumai umeshakalishwa kwenye boda na kupelekwa hospitali, hata kama ni kwa nguvu. Kama bado, weka karatasi chini uende. Hii itakungoja.

Miiba? Wewe kunidanganya mimi kwa miiba? Ni neno lile lile, Akwii. Halijabadilika hata kidogo.

Na katika nyumba ya Mama Benedetta kuna kitu kimoja tu ambacho watu huazima na kurudisha. Jiwe jeusi la kunyonya sumu. Mimi nalijua kuliko wewe, kwa sababu ni mimi niliyetumwa kuliazima kwa mumewe mwaka 1973. Nilikimbia nalo nimelifumba mkononi, nikiamini nimeshika uzima. Tukaliweka kwenye mguu wa Omuse, likanata, likaanguka lenyewe, tukasema sumu imekwisha. Miaka arobaini nimewaambia wagonjwa wangu kwamba jiwe hilo hunata kwenye kidonda chochote chenye unyevu. Ni mfupa uliochomwa, basi. Wagonjwa wangu nimewaambia. Wewe sikukuambia, kwa sababu ningeanza kusema jiwe ningemaliza kwa kumsema Omuse.

Sasa namsema. Ndugu yetu alikuwa na miaka saba. Aliumwa na mbwa wetu mwenyewe, nasi tulinyamaza kwa sababu Baba angemuua mbwa. Tukamfundisha aseme amechomwa na miiba. Wiki ya sita akaogopa maji kwenye kikombe. Nilipofika chuo cha utabibu, mwalimu alipoandika dalili ubaoni, nilitoka nje, sikurudi darasani siku ile.

Ni lini alikuuma huyo nguchiro? Usinifiche siku. Hata kama zimepita wiki, chanjo bado inafaa madamu hujaanza kuugua. Ni kabla ya dalili tu ndipo tunaweza kuuzuia. Mwambie muuguzi ukweli wote, na asije akakuambia umechelewa.

Halafu kuna hili, na linanikera tangu asubuhi. Nilikutisha. Niliandika nitaleta watu wafyeke. Mimi mwenye miaka arobaini ya kazi nilisahau kwamba mtu ukimtishia anachokipenda, anaficha kidonda. Sitampigia afisa aje kufyeka kitu chochote. Nakuapia kwa kaburi la Mama. Bustani ni yako, ikae. Lakini kaa nayo ukiwa hai.

Najisemea peke yangu nikiandika, na mgonjwa wa kwanza ananiangalia anadhani nimekunywa.

Emong


Malaba, 14 Mei 2025

Ndugu yangu Emong,

Eyalama noi, asante sana. Nimechomwa sindano tatu za mkononi, bado mbili. Siku ya kwanza waliongeza nyingine pale pale kwenye dole gumba, na hiyo nilitukana kwa Kiteso, mbele ya sista.

Ile Jumanne Okurut alikuja akiwa amevaa koti la mvua na hakuna mvua. Akanipigia kelele sikioni: "Mwalimu, huyu mtoto wa mama yenu amenipigia simu mpaka chaji imeisha. Anasema ukikataa nikubebe. Mimi mgongo unauma, kwa hivyo tafadhali panda boda mwenyewe." Nikapanda. Hospitali ya kwanza dawa ilikuwa imeisha, ya pili ilikuwepo. Muuguzi anaitwa Nasimiyu, nilimfundisha darasa la tano. Nilimwambia yote. Aliandika bila kuniangalia, kisha akasema, "Mwalimu, si wewe ulituandikisha mficha maradhi kifo humuumbua? Mara hamsini, nilikuwa nimepiga kelele darasani." Nilitaka sakafu inimeze.

Unataka siku. Ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe kumi na saba Aprili. Nilikuwa nakata maua ya altare. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni, nimeisoma, nimekasirika. Mwenyekiti akatoka kwenye migomba, akaja moja kwa moja. Nilikuwa na yai. Nilisema moyoni, Emong ataona kama huyu ni mgonjwa. Nikamnyooshea. Aliuma dole gumba akang'ang'ania, Emong, hakuachia, nilimpiga na ukingo wa ndoo hadi akaanguka. Kesho yake nilimkuta amekufa kando ya bwawa. Nikamzika, nikapanda ua juu yake. Nikaenda Ibada ya Njia ya Msalaba na kidole kimefungwa kwa leso.

Niliosha kwa maji tu, haraka haraka, kisha nikaenda kwa Benedetta. Jiwe liliponata nilipumua. Najua. Nimefundisha sayansi. Lakini mtu akiogopa harudi kwenye alichofundishwa, anarudi kwenye alichoona utotoni.

Sasa sikiliza. Umeandika "tukamfundisha." Hukuwepo. Ulikuwa umekimbia kuleta jiwe. Mimi ndiye niliyemshika Omuse mabega pale nyuma ya ghala, nikamwambia, ukiulizwa sema miiba, ukisema mbwa nitakupiga. Alikuwa ananiamini kuliko Mama. Hata siku ile hospitalini, Baba akimuuliza, aliniangalia kwanza, kisha akasema, "Ni miiba." Hicho ndicho nimebeba, na hukuwa na sehemu ndani yake. Nilikuacha ubebe kwa sababu sikuweza kufungua mdomo.

Nimepumua kidogo kuandika hayo. Kidogo tu. Siku kumi na tisa zilipita kabla ya sindano, na nimezihesabu kila siku. Kila ninapokunywa chai natazama kwanza kama naiogopa.

Watu wa mifugo walikuja, mimi mwenyewe nilimtuma Okurut awaite. Walimfukua Mwenyekiti, wakasema kichwa kimeoza mno, hawawezi kupima. Kwa hiyo hatutajua. Hawakufyeka kitu. Kijana mmoja wao alipiga picha za korongo.

Dada yako,
Akwii


Salgaa, 15 Juni 2025

Dada yangu,

Natumai sindano ya tano ilikwenda salama tarehe tatu. Maurine anasema mtoto ameanza kusimama, anashika meza na kucheka. Mimi sijambo, ila madereva wamechoka nami. Namuuliza kila dereva anayetoka Malaba kama amekuona, na kama ulikuwa unatembea sawa. Mmoja alinijibu, "Boss, mimi napeleka simiti, si uchunguzi."

Nijibu haya bila kucheka. Dole gumba linawasha? Kuna ganzi mkononi? Koo linakaza ukimeza? Unakasirika bure kuliko kawaida yako? Hilo la mwisho sijui tutalipimaje. Chanjo ikikamilika ni karibu hakika uko salama, nawaambia watu hivyo kila wiki nikiwa nimetulia kabisa. Kwako wewe siwezi kutulia. Nimeweka alama kwenye kalenda, miezi mitatu tangu Alhamisi Kuu, kisha sita, na kila asubuhi nakata siku moja.

Kuhusu Omuse. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, Akwii. Kumi na minne. Hao wanafunzi wako wanaokuja na madaftari wana umri huo. Mmoja wao akifanya vile, utamfunga? Sina maneno mengine mazuri. Nimekuwa nikikimbia boma lile kwa sababu kila nikiingia namwona amelala kwenye mkeka wa sebuleni, na nilidhani ukinitazama utakumbuka ni mimi niliyeleta jiwe. Na wewe ulikuwa hapo hapo peke yako, unapanda maua.

Wazo moja. Watoto watarudi siku moja, na wanyama hawajui mipaka. Badala ya kuwafukuza nguchiro, anza na mbwa. Hapo kijijini mbwa wote wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupita kuja kwa watu. Waombe watu wa mifugo. Mimi nitatuma sabuni.

Nijibu upesi. Foleni ikizidi, mpe dereva wa gari dogo.

Emong


Malaba, Jumatatu 18 Agosti 2025

Ndugu yangu Emong,

Habari za huko? Hapa nyumbani wote wazima, hata mimi. Dole gumba haliwashi, chai nakunywa, na nakasirika kwa sababu zinazoeleweka tu. Unaona naandika kwa mkono wa kulia. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka kwanza jambo lifanyike ndipo nikuandikie, maana ningekuandikia mapema ungenitumia masharti kurasa nne.

Korongo walitoa kifaranga mmoja. Anatembea nyuma ya mama yake anajikwaa kila hatua. Nguchiro waliobaki wako kwenye kichuguu chao. Tunawatazama kutoka kwenye benchi, hatua ishirini, na hakuna anayewapa chakula. Mwanzoni niliona huzuni. Sasa naona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nikiwa nawaita karibu. Wanapeana zamu ya kulinda, ulijua? Mmoja anasimama juu, wengine wanachimba.

Juzi Jumamosi tulichanja mbwa humu bustanini. Nilidhani watakuja kumi. Walikuja mia moja na ishirini na sita, wengine wamefungwa kamba za katani, wengine wamebebwa kwenye baiskeli, mmoja ametoka ng'ambo ya Uganda na mwenyewe hana kitambulisho wala mbwa hana. Okurut alishika midomo ya mbwa siku nzima, na mgongo haukumuuma hata mara moja. Mama Benedetta naye alikuja na mbwa wake. Nilimwita pembeni nikamweleza habari za jiwe, yote, hadi Omuse. Alifungua kamba ya mbwa wake, akaifunga tena. Halafu akasema mume wake alilitoa bure maisha yake yote, hakuwahi kupokea hata kuku. Nikamwambia najua. Tulilia wote wawili, mbwa wanabweka hatusikii kitu, mimi hasa.

Wanafunzi walikuwepo. Niliwakusanya kabla ya kuanza nikawaambia yaliyonipata na nguchiro, na uongo wangu wa miiba. Niliwaambia mwalimu wenu alimficha kila mtu, kwa sababu aliogopa bustani yake itafyekwa.

Saa nane hivi, watu wamepungua, akanijia msichana anaitwa Vivianne, wa darasa la pili, aliyekuja kumsindikiza dada yake. Akanivuta gauni. Nikainama kumpa sikio lililo afadhali. Akasema, "Mwalimu, mimi niliumwa jana. Ni mbwa wetu." Akaonyesha mguu. Alama nne za meno chini ya goti, amezifunika kwa soksi.

Emong, nilitaka kupiga kelele. Nilijizuia. Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia." Nikampeleka kwenye bomba, na ule mpira wako wa mita hamsini ukamwosha kwa sabuni yako dakika kumi na tano, nikihesabu kwa saa. Mama yake akaja mbio anauliza, "Mbwa gani? Nitamuua leo!" na nikaona uso wa mtoto unaanza kufunga mlango. Nikamshika yule mama mkono nikamwambia, mambo ya mbwa tutaongea kesho na watu wa mifugo, watamtazama siku kumi, sasa hivi tunaenda hospitali, na mtoto huyu hakuna atakayemgombeza. Tukaenda wanne, pamoja na dada yake, kwenye boda mbili. Nasimiyu alikuwa zamu. Saa kumi na moja jioni Vivianne alikuwa ameshapata sindano ya kwanza na anakula mandazi.

Njiani tukirudi nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama yake jana. Akasema aliogopa mbwa atauawa. Nikamuuliza, na mimi kwa nini umeniambia? Akainua mabega.

"Si ulisema wewe pia ulificha."

Nimekuwa nikilisikia neno hilo tangu juzi, Emong, na haya masikio yangu mabovu. Chumba chako nimekipaka rangi. Njoo kabla mvua ya vuli haijaanza, uje uone kifaranga.

Dada yako,
Akwii